Mashine Yetu Dukani kwa Ta Novati

Kashai, Bukoba
Jumapili, baada ya misa

Mume wangu mpenzi Projesti,

Mume wangu. Nimeliandika neno hilo nikaweka kalamu chini nilitazame, maana bado ni jipya kwangu kama pete hii ninayoizungusha kidoleni kila nikikuwaza. Hamjambo huko Izigo? Mgongo wa mama umetulia? Kahawa mmeanza kuanika, au mvua inawachezea kama inavyotuchezea sisi huku mjini? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, na shangazi Domitila ananitunza kama yai. Moyo ndio mgonjwa, na kwa ajili yake nimenunua karatasi hizi.

Najua utajiuliza kwa nini barua wakati simu ya mama ipo. Ipo, lakini tangu ulipouza ya kwako ili kumalizia bei ya mashine, nikipiga napokewa na nyumba nzima. Mama anaweka sauti kubwa, baba anasalimia kutoka uani, wifi Editha anapiga kelele nyuma, "Bibi harusi anamtaka bwana wake!" Nawapenda kwa hilo. Lakini yapo maneno ya mke kwa mumewe ambayo hayasemeki kwenye sauti kubwa. Tena kila nikianza kueleza habari za Ta Novati nalia, nanyi mnasema, "Haloo, haloo, mtandao umekata." Mtandao haukukata, Projesti. Nilikuwa mimi.

Kwanza niseme ninavyokupenda, ili lolote utakalosoma huko mbele ulisome ukijua hilo. Nilikupenda kabla, lakini siku ile ulipoingiza mashine uani kwenu imefungwa kanga, watu wakidhani ni televisheni, nilikupenda upya. Kanga ilipofunguliwa wanawake walicheka wakashikana mabega. "Mwenzetu ameolewa na jiko la chipsi!" Nawe hukuona aibu hata kidogo. Ulisema mbele yao wote kwamba umeninunulia kazi yangu mwenyewe, nisije nikakaa nikingoja chumvi kutoka mfukoni mwa mwanaume. Kisha ukaigeuza, nikaona chini yake ulivyochora kwa msumari, Projesti na Jovitha, herufi zimekwenda upande kama zimelewa. Nadhani hakuna mwanamke Muleba yote aliyepewa zawadi kama ile. Huku kila jioni nilikuwa naisugua, na nikifika kwenye majina yetu naibusu, shangazi ananicheka kwamba iko siku nitababuka midomo.

Nayo siku uliyonisindikiza kupanda basi nije na mashine huku mjini kwenye wateja, unakumbuka maneno yako? Mwanaume mwingine angeniambia nitakukumbuka, nitakukumbuka. Wewe ulinishika mkono ukasema, "Kabla hujachomeka waya kwenye duka la mtu, ambianeni nani atajibu. Mteja akiungua, nani. Mashine ikiharibika, nani. Usione haya kuuliza." Basi likaondoka nikilia na kucheka, nikijiambia nimeolewa na mwanaume mwenye akili.

Nikafanya kama ulivyosema. Shangazi alinipeleka kwa Ta Novati, mzee wa Kaagya aliyekuwa na duka la rejareja hapa Kashai, kwenye njia wanayopita wanafunzi. Duka la sukari, sabuni, madaftari, na magodoro machache stoo. Nilimwita Ta, yaani baba, tangu siku ya kwanza, kama ninavyomwita baba yako, maana alikuwa na tabia ile ile ya kukukaribisha kabla hajajua shida yako. Tukakubaliana mashine ikae barazani mwake mchana, jioni iingizwe ndani. Umeme wake, chakula changu, naye apate fungu lake tukifunga. Nikakaza moyo.

"Ta, kabla sijachomeka, tuseme nani atajibu."

Akamgeukia mkewe, Ma Anjela, aliyekuwa akipima maharage. "Unamsikia? Bibi harusi amekuja na mahakama."

"Mwache," akasema Ma Anjela. "Mimi ningeuliza hivyo siku ya kuolewa nawe, leo nisingekuwa hapa napima maharage."

Nikaendelea. "Mafuta ni yangu. Atakayeungua na mafuta, nitajibu mimi."

"Haya."

"Mashine ikiwa kwenye duka lako, ikaibiwa, ikavunjwa..."

"Nitajibu mimi."

"Na ikiungua?"

"Bojo! Bibi harusi, usiniitie moto!" Akacheka. Alipoona sicheki, naye akaacha. "Hata ikiungua. Ikiwa ndani ya nyumba yangu ni mgeni wangu."

Nikatoa daftari tuandikiane. Akalisukuma taratibu kwa kidole, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Akachagua tunda moja, akalipasua kwa ukucha, zikatoka mbegu mbili zilizolala pamoja. Moja akanipa, moja akatia kinywani mwake. "Karatasi utaipoteza," akasema huku akitafuna. "Hii haitoki tena." Sina haja ya kukueleza wewe, mtoto wa Izigo, kwamba mbegu mbili za tunda moja zinawafanya watu wawili ndugu wa damu, wasioweza kuvunjiana neno. Niliitafuna. Nilirudi kwa shangazi najiona nimefanya kama ulivyonifundisha na kuzidi.

Projesti, tulikuwa na furaha pale. Nataka ulijue hilo pia. Ta Novati aliwatangazia wateja wake wote: "Hii ni mashine ya mapenzi, ndizi zake hazihitaji chumvi." Wanafunzi wakija kwa fujo aliwapanga foleni kwa fimbo ya kufungulia dirisha. Mtu akiegemea kioo alimfukuza: "Toa kiwiko! Unajua mwanaume ameuza nini kununua hiki?" Maana nilikuwa nimemwambia habari za simu yako, nisingeweza kunyamaza nayo. Jioni aliibeba mwenyewe kuiingiza ndani, hakutaka niishike, akaiweka nyuma ya kaunta na kuifunika kwa kanga yake Ma Anjela. Ma Anjela akanung'unika kwamba kwa ndoa yote ile hajawahi kufunikwa na mtu kwa uangalifu namna hiyo. Ta Novati akamjibu, "Wewe hukuja na masharti."

Sasa naandika lile nililoshindwa kulisema kwenye simu.

Siku ile umeme ulikuwa unakuja na kukatika. Ulipokatika tena nilizima swichi, nikafunika mafuta yakiwa bado yanachemka, nikamwomba Ta aiingize ndani maana manyunyu yalianza, nami nikaenda sokoni kuchagua viazi. Nilipokuwa huko umeme ukarudi. Moto ulianzia stoo, kwenye waya wa friji ulio nyuma ya magodoro, ndivyo Ma Anjela alivyoona kwa macho yake. Mashine yetu haikuwa imechomekwa. Nakuandikia hili kwa sababu huko Izigo mtasikia mengine.

Niliona moshi nikiwa kwenye bodaboda, kiroba cha viazi mapajani. Tulipofika njia ilikuwa imejaa watu wanapokezana ndoo. Katikati ya njia, peke yake kwenye matope, ilisimama mashine yetu. Kioo kimepasuka pembeni, basi. Kando yake Ta Novati amekaa chini, mikono yote miwili imetumbukizwa kwenye beseni la maji, anatetemeka na kukohoa. Duka lake lilikuwa linaungua nyuma yake wala halitazami.

Kijana mmoja alikuwa anasema, nusu anacheka, nusu anashangaa, "Mzee ameacha sanduku la mauzo, amekumbatia jiko la chipsi!"

Ma Anjela akamwambia, "Nyamaza." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Aliingia mara moja. Nafasi ilikuwa ya kitu kimoja."

Mafuta yalikuwa bado ya moto, mume wangu. Nilikuwa nimeyafunika, lakini mfuniko ule si kizibo. Alipoibeba akikimbia kwenye moshi yakamwagika, yakamshuka mikononi kutoka viwiko mpaka vidole, naye hakuiachia. Aliitua chini taratibu. Wote walioona wanasema hivyo. Aliitua taratibu.

Jioni ile, walipokwisha kumpeleka hospitalini, nilipiga simu kwa mama. Shangazi alikuwa ameshawaambia kwamba duka limeungua. Ukachukua simu wewe, na neno lako la kwanza lilikuwa, "Mashine imepona?" Nikasema imepona. Ukasema, "Tumshukuru Mungu." Ndipo ukauliza habari za mzee. Sikulaumu. Najua ulivyoihangaikia, najua unatembea na mfuko mtupu hata leo kwa ajili yake. Lakini nilikaa na lile neno usiku na mchana, kwa sababu kesho yake nilikwenda hospitalini, na Ta Novati, amefungwa bandeji kama mtoto aliyevikwa soksi mikononi, sauti imebaki kidogo tu, akaniuliza neno lile lile.

"Bibi harusi, ipo?"

"Ipo, Ta."

"Kioo?"

"Kimepasuka kidogo."

"Basi hicho nitalipa." Akajaribu kucheka, kikohozi kikamzuia.

Nikamwambia, "Ta, kwa nini? Ulikuwa na sanduku lako mle. Ulikuwa na mali yako yote."

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Si tulitafuna?" akasema.

Ma Anjela alinieleza baadaye, tukiwa nje tunafua mashuka. Alisema baba yake Ta Novati, nyumba yao ya nyasi ilipoungua zamani kule Kaagya, alitoa kwanza jembe la jirani aliloliazima, ndipo akarudi kutafuta vyake, akakuta hakuna. Novati alikuwa mtoto, alisimama nje akiona. "Kwao ndivyo walivyo," akasema Ma Anjela. "Nimeishi nao, nimewachoka, ninawapenda."

Siyo mikono iliyomuua. Daktari alisema ni moshi wa yale magodoro, uliingia kifuani ukakaa. Tulidhani anapona. Alikuwa anaomba uji, anawatania wauguzi kwamba wamlishe vizuri maana sasa ni bwana mkubwa asiyegusa kijiko. Kisha kifua kikafunga. Nilikuwa nimeenda kumchukulia maji ya moto. Niliporudi Ma Anjela alikuwa amemshika miguu, kwa sababu mikono haikushikika.

Tulimzika Kaagya, ndani ya kibanja chake, kati ya migomba na mikahawa. Najua hukuweza kuja, mama hainuki bila mkono wako. Lakini nilikuhitaji siku ile, Projesti, kuliko siku ya harusi. Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Nami nikaitwa. Mdogo wake marehemu, mwanaume mrefu mwenye koti, akauliza mbele ya watu wote:

"Mafuta yaliyomuunguza kaka yangu yalikuwa ya nani?"

Nikasimama. Nilitamani kusema habari za waya, za friji, za mashine kutochomekwa. Nikakumbuka ulivyonifundisha kusema nani atajibu, nikakumbuka nilivyosema mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikasema, "Yalikuwa yangu."

Watu wakaguna. Akasema, "Basi atajibu huyu."

Hapo Ma Anjela, aliyekuwa amekaa chini kwenye majani na wanawake, akasema bila kuinuka: "Shemeji, mafuta yalikuwa yake. Na mafuta yalikuwa yametulia kwenye mfuniko wake. Miguu iliyoingia ndani ilikuwa ya mume wangu. Utamdai nani miguu?"

"Waitu, ndugu zangu, mimi nauliza tu," mwanaume yule akasema.

"Umeshauliza. Kaa."

Akakaa. Hakuna aliyenigusa wala kunidai. Lakini nilirudi mjini nikiwa mzito kuliko kama wangenipiga. Mashine sasa iko chumbani kwangu kwa shangazi, miguuni pa kitanda. Nimeisugua masizi yote. Majina yetu yapo, moto haukuyafuta, na kwa mara ya kwanza nilipofika pale sikuweza kuyabusu. Mikono yake ilipita hapo hapo, Projesti. Aliibeba ameshika majina yetu.

Ulimtuma mama aniambie nitafute duka jingine, na safari hii tuandikiane. Nakuheshimu, wewe ni mume wangu, na najua unasema kwa kunionea huruma. Jana nimepata jibu.

Ma Anjela alikuja hapa kwa shangazi amevaa nguo zake nyeusi, kikapu mkononi. Alikataa chai. Akasema kuta za duka zimesimama, ameezeka baraza kwa mabati ya kuazima, anaanza tena na sukari na sabuni tu. Halafu akasema, "Baraza bila mashine halina watu. Wanafunzi wanapita kama mimi ni mti. Irudishe."

Nikamwambia, "Ma, siwezi. Kila nikiiangalia namwona."

"Na mimi ukiificha hapa nitamwona wapi?" akaniuliza. "Aliitoa nje ili ikae miguuni pa kitanda chako?"

Nikalia, naye akaningoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue aendelee na safari. Shangazi akatoka, akatuachia chumba. Kisha Ma Anjela akasema, "Lakini nina sharti. Safari ile mlisema ninyi wawili, mimi nilikuwa napima maharage. Safari hii nasema mimi."

"Sema, Ma."

"Wizi, mteja, kioo, mafuta, hayo yote tutajibu wote, nusu kwa nusu, sijali. Nataka neno moja tu. Ukitokea moto, hakuna anayeingia. Mimi nisiingie, wewe usiingie, mtoto wa mtu asitumwe. Mashine ikiungua, iungue."

Akatoa tunda la kahawa, akalipasua kwa ukucha kama alivyofanya mumewe. Mbegu mbili. Akatafuna moja pale pale akinitazama machoni, akanipa ya pili. Niliifikisha mdomoni, Projesti, nikasita. Kwa sababu mashine hii si yangu peke yangu. Wewe ndiwe uliyetoa simu yako, ndiwe uliyechora majina. Nikiitafuna mimi peke yangu halafu wewe huko Izigo ukabaki na moyo wa kuuliza mashine kwanza, nitakuwa nimemdanganya mjane. Nikamweleza hivyo. Nilidhani atakasirika. Akanipigapiga goti, akasema, "Basi mpelekee bwana wako. Nitangoja."

Mbegu hiyo iko humu ndani ya bahasha, nimeikunja kwenye kipande cha ile kanga iliyofungia mashine siku ya zawadi. Usimwonyeshe Editha kabla hujasoma mpaka hapa. Ukaitafune peke yako kule kibanjani, chini ya mkahawa wowote wa baba, taratibu, ukiwaza mikono ya mzee ambaye hukuwahi kumwona, aliyezishika herufi zako zilizokwenda upande asiziachie. Sikuombi uache kuipenda mashine. Naipenda mimi pia, kwa sababu yako. Naomba tu nikikupigia siku nyingine yoyote, kukiwa kumetokea lolote, uniulize kwanza mimi, na watu, halafu chuma.

Ukishaimeza, chukua simu ya mama unipigie. Weka sauti kubwa. Mama asikie, baba asikie kutoka uani, Editha asikie, nami nitamwita Ma Anjela asimame karibu yangu asikie. Useme hivi tu, "Ikiungua, iungue." Hapo nitaibeba kuipeleka barazani, nitachomeka waya, na ndizi ya kwanza itakayotoka nitaila mimi mwenyewe kwa niaba yako.

Nisalimie mama mkwe wangu, umwambie dawa ya mgongo aliyoniagiza nimeipata, ataletewa na dereva wa basi. Nisalimie baba mkwe, na kikombe chake cha rubisi, ile pombe ya ndizi, anachokificha kama vile hatumwoni. Wifi Editha mwambie bibi harusi bado anamtaka bwana wake, aendelee kucheka. Salimia katekista aliyetufundisha ndoa, na yule jirani aliyesaidia kuibeba mashine kutoka barabarani akidhani ni televisheni. Shangazi anakusalimu, anasema umenenepa kwenye picha ya harusi, umletee nyingine tulinganishe.

Nakupenda, Projesti. Nakupenda huku nikilia, na bado ni kupenda.

Mimi mkeo, ambaye hajaiwasha,
Jovitha